Jibu la Damu ya Lidia

Sipendi watu wanaosimulia msiba kwa sauti ya kanisani. Lidia hakuwa malaika na mimi sikuwa shetani. Alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu Pankras, na tuligombana kila wiki: mara chumvi, mara kuni, mara nani kaacha mlango wazi kuku wakaingia. Kwa hiyo nitasema kama nilivyozoea kusema, na asiyependa aende zake.

Kabla ya hili soko huria nilikuwa mpokea kahawa wa chama cha msingi hapa Matiri. Miaka kumi na mmoja. Mkulima anashusha gunia, mimi Kunigunda natia mkono hadi kwenye kiwiko, natoa punje, nainusa, naing'ata. Kahawa ya maganda ikikauka sawasawa, ukiing'ata inalia ka! Isiyokauka inabonyea tu menoni. Na yenye kuvu wala huhitaji kuing'ata, inakufikia puani gunia likiwa bado limeshonwa, harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni siku tatu. Niliwarudisha watu wazima na magunia yao, wengine wamebeba toka bondeni kwa mgongo, na sikumwonea mtu haya.

Halafu wakaja wanunuzi binafsi na magari yao na mizani yao. Chama kikafa. Ghala likafungwa, likageuka choo cha popo, na mimi nikarudi kwa mdogo wangu na sanduku moja. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, na aliyekuwa karibu yangu kila siku ni Lidia, basi hasira zote zikawa zake.

Zamani kahawa yetu ililala ghalani, ina mlinzi. Sasa ikalala nasi nyumbani, kila kaya na magunia yake, watu wakisubiri bei ya mwisho wa mwaka, na wezi nao wakazaliwa. Walikuwa wanatoboa ukuta wa udongo, wanavuta gunia nje mwenye nyumba anakoroma. Ndipo tukaanza huo utaratibu wa kulalia kahawa. Unaziba dirisha la chumba kwa tofali, unapanga magunia hadi karibu na dari, na juu yake unatandika mkeka, mtu analala. Matiri yote walifanya hivyo. Kaya isiyo na mtu wa kulalia kahawa ilionekana haina akili.

Kwetu nani alale? Pankras alikataa, alisema mgongo unamuuma. Lidia alikuwa mtu wa ziwani, wa Ngumbo, na alikuwa na pumu tangu utoto. Mwenzangu akipelekwa kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya mteremkoni yanayozuia mvua isiondoke na shamba, matatu tu, la nne amekaa chini anavuta pumzi, kifua kinapiga mluzi. Miaka mitano ya ndoa na mimba mbili zimetoka. Wanawake wa hapa walimpita njiani bila kumsalimia. Basi mimi ndiye niliyesema. Nilisema mbele ya wote, tukiwa tunakula: "Huyu alale kwenye kahawa. Ni kazi ya kulala tu, hata yeye ataiweza."

Tulicheka. Na Lidia alicheka. Mimi nilijiona nimemfanyia wema, nimemtoa kwenye jembe, na mpaka leo nikikumbuka kwamba nilijiona mwema natamani kujipiga makofi.

Alianza kukohoa mwaka wa kwanza huo huo. Si kikohozi cha mafua. Alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta, halafu anatoa vipande vigumu vya rangi ya kahawia, kama mabaki ya mshumaa. Kwenye kituo cha afya walimpima makohozi mara tatu, hawakuona TB, lakini walimpa dawa za TB hivyo hivyo kwa sababu picha ya kifua ilikuwa na mawingu. Akameza miezi minane. Mkojo ukawa mwekundu, kikohozi kikabaki pale pale. Akakonda. Na mtu akikonda akikohoa miaka ile, jamani, mnajua wenyewe watu walikuwa wanasema nini.

Mwaka uliofuata, mwaka ule wa mvua za Elnino, mama yake aliugua malaria kule Ngumbo. Lidia akateremka kumuuguza mwezi mzima wa Oktoba, na kahawa tukamwomba kijana wa jirani ailalie. Alirudi mwingine kabisa. Amejaa mashavu, ana debe la usipa, dagaa wa kwao ziwani, kichwani, anapanda kilima anaimba. Wiki mbili tu kwenye chumba cha kahawa, kifua kikaanza tena mluzi wake. Mimi nikamwambia, "Wewe ukiliona jembe ndiyo unaumwa. Kwenu huko ulipona kwa dawa gani? Usipa?"

"Wifi, kile chumba kinanibana," alisema.

"Kinakubana! Kimejaa kahawa, ulitaka kikukumbatie?"

Naandika maneno yangu kama yalivyotoka. Hiyo ndiyo adhabu niliyojipa.

Mwishoni mwa Novemba alitema damu. Hapo hata mimi niliogopa. Pankras alisema ana kazi ya kupalilia, kumbe alikuwa anaogopa kuonekana naye. Nikampeleka mimi, kwa miguu hadi barabarani na kwa lori hadi hospitali ya misheni. Pale palikuwa na daktari kijana, Wendelin, mtu wa Litembo, aliyesomea mambo ya vifua. Alisikiliza mgongo wa Lidia muda mrefu sana. Akazipanga picha zake za kifua dirishani, ya mwaka jana, ya miezi sita nyuma, ya siku ile.

"Angalieni," alisema. "Wingu lilikuwa hapa juu. Likaondoka, likahamia kule. TB haitembei hivi. Na huyu ana pumu, na haya makohozi ya kahawia... Nahisi ni kuvu."

"Kuvu kama ya mkate?" niliuliza.

"Ndugu yake. Sote tunaivuta, mama, wala haitufanyi kitu. Lakini mtu mwenye pumu, mara chache, mwili wake unaichukia mno. Unapigana nayo hadi unaharibu mapafu yenyewe. Kuvu haimli, anajila mwenyewe." Akamgeukia Lidia. "Nitatoa damu. Mwili ukipigana na kitu, unatengeneza kingamwili za kitu hicho hicho, si za kingine. Kama tukizikuta nyingi ndani ya damu yako, zile za kuvu, basi tumepata jibu na dawa ipo. Ila kipimo hicho hakipo hapa, wala Songea. Damu itabidi iende ng'ambo. Wiki sita, labda zaidi."

"Dawa si nianze sasa?" Lidia aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni dawa kali. Inatuliza vita mwilini. Kama nimekosea na kuna TB imejificha, nikikupa nitaiamsha ikuue. Nataka ushahidi." Akachukua kalamu. "Lakini niambieni kitu kimoja. Nyumbani analala wapi? Kuna chochote chenye kuvu? Mahindi yaliyolowa, majani ya kuezekea yaliyooza, kahawa? Kama kipo, huo nao ni ushahidi. Nitamwanzishia leo, na mtamtoa humo leo."

Sasa sikilizeni. Kwenye zile hospitali zetu wagonjwa wanakaa kwenye benchi moja, wanasogea, na watatu wa mbele wako ndani ya chumba cha daktari. Wa pili kwenye benchi siku ile, shavu limevimba kwa jino, alikuwa Othmar. Othmar alikuwa wakala wa mnunuzi mkubwa wa kahawa upande wetu. Alikuwa ameahidi kuja na gari kwetu mvua zikipungua, na Pankras alikuwa hajauza hata kilo.

Na mimi nilijua. Hakuna mtu Matiri aliyejua kama mimi. Julai hakukuwa na jua, tuliianua kahawa mapema kwa hofu ya wezi, tukaishona ikiwa haijalia ka! Tangu Septemba nilikuwa nikipita mlangoni mwa kile chumba harufu inanifikia. Nilijiambia itapungua. Kama ingekuwa kahawa ya mtu mwingine, wakati ule wa chama, ningemrudisha nayo mpaka kwao huku nikimtukana.

Nikamwona Othmar ametega sikio. Nikasema, "Daktari, sisi tuna nyumba ya bati. Analala kitandani, chumba kikavu. Na kahawa yetu ilikauka vizuri, niliipima mwenyewe."

Lidia alinitazama. Alifungua mdomo, nikamkazia macho, akaufunga. Mke hambishii wifi yake mbele za watu, ndivyo alivyolelewa.

Daktari akaandika. Akaufunga mkono wa Lidia kwa mpira, akavuta damu, chupa mbili. Akampa vidonge vya pumu na kusema atatuletea jibu yeye mwenyewe likifika.

Nje, Lidia aliuliza, "Wifi, mbona umemdanganya?"

"Hiyo kahawa ikikataliwa, utatibiwa kwa nini? Kwa maji ya ziwa? Othmar akishaipakia, unarudi kitandani kwako. Siku chache tu."

"Sawa, wifi," alisema.

Siku chache! Mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Daraja likaondoka, barabara ikawa uji, hakuna gari lililopanda wiki ya kwanza, wala ya pili, wala ya nne. Kahawa ikaendelea kunywa unyevu. Na habari za damu zilifika kijijini kabla yetu, maana Othmar ana mdomo: Lidia ametolewa damu, inapelekwa ng'ambo. Nani asiyejua damu inapelekwa kutazamwa nini? Kilabuni walimwambia Pankras ajiandae. Alirudi akahamishia kitanda chake jikoni. Hakumuuliza mkewe neno. Sahani yake alianza kuiosha mwenyewe, mwanamume ambaye hakuwahi kuosha hata kijiko.

Mngeniuliza: Kunigunda, kwa nini hukumtoa mle chumbani? Nilijiuliza kila siku. Kitanda chao kilikuwa jikoni na mumewe hakutaka amsogelee. Changu kilikuwa na nafasi. Nilimwambia mara moja, "Njoo ulale kwangu, nitalala mimi kwenye kahawa," lakini nilisema huku natoka, kama mtu anayesema karibu chakula huku anafunika chungu. Akasema hapana, atavumilia. Sikurudia. Nilikuwa naogopa wezi, na nilikuwa naogopa, niseme ukweli, naogopa hayo waliyokuwa wakiyasema kilabuni. Hata mimi.

Alikufa Jumanne ya pili ya Januari, asubuhi, saa mbili. Nilisikia anagonga ukuta kwa ndani. Nikafungua mlango, amekaa juu ya magunia, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka wala hewa haiingii. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nikambeba, alikuwa mwepesi kama kapu tupu, nikamweka uani kwenye hewa. Nikapiga kelele watu waje na machela. Walikuja wanaume sita, wakasimama mbali. Hakuna aliyetaka kumshika. Mpaka nikawatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika ndipo wawili wakasogea, na hapo alikuwa ameshaacha kuhangaika. Alikuwa amenishika kidole, nikavifungua vidole vyake kimoja baada ya kingine.

Mama yake, mama Tereza, alipanda kutoka Ngumbo kwa miguu siku mbili kwenye tope. Wanawake wa hapa walikataa kumwosha marehemu. Tuliosha sisi wawili. Tulimzika na padri aliharakisha.

Siku ya tano baada ya mazishi, mvua zimekatika na daraja limetandikwa magogo, Othmar akaja na gari lake. Alitoa pole mlangoni. Akaingia kwenye kile chumba, akatoka hata dakika haijaisha, mkono puani.

"Dada Kunigunda," akasema, "wewe wa kutaka kuniuzia mimi hii?"

Akaondoka. Gunia hata moja hakupakia. Nikabaki nimesimama uani. Nilichomuulia mtu hakikufaa hata kupakiwa.

Pankras hakujali. Alikuwa amekaa ukutani tangu mazishi. Alikuwa amemwita mwenyekiti wa kitongoji agawe shamba lake kwa ndugu akiwa hai. Kahawa changa ya mwaka ule hakuipalilia, alisema haoni sababu. Alikuwa na afya ya ng'ombe, lakini kila asubuhi alikuwa anavua shati na kujitazama ngozi. Na mama Tereza hakuweza kurudi kwao, miguu ilimvimba kwa ile safari ya tope, akakaa nasi siku hizo zote na aibu ya mwanaye, watu wakipita bila kumpa shikamoo.

Siku ya tisa, mchana, pikipiki ikaingia uani. Daktari Wendelin. Amelowa tope hadi kifuani, na anacheka. Jamani, alikuwa anacheka. Alivua mfuko wa plastiki kutoka ndani ya koti, akatoa karatasi na kopo la vidonge.

"Tumsifu Yesu Kristo! Mama, jibu limekuja! Ni kuvu, kama nilivyosema. Kingamwili zimepanda mara nyingi kupita kawaida. Si TB, si kitu kingine. Anatibika, mama! Dawa nimekuja nazo, yuko wapi?"

Akaziona kanga nyeusi. Akaliona kaburi nyuma ya migomba. Akakaa chini pale pale kwenye tope akiwa ameshika kopo lake.

Pankras akainuka ukutani. "Karatasi inasema nini?"

"Inasema mkeo aliumwa mapafu kwa ajili ya kuvu," daktari alisema. "Hakuwa na kitu cha kuambukiza mtu."

"Hakuwa na UKIMWI?"

"Sikupima hicho hata siku moja. Nani alikwambia?"

Mdogo wangu alitazama mikono yake, akaigeuza. "Kwa hiyo mimi sifi?" alisema. Na uso wake ukafunguka. Nilimwona akifurahi, mbele ya mama wa marehemu, akafurahi kwanza, ndipo akakumbuka na kujifunika uso.

Daktari alikuwa ananitazama mimi. "Nashindwa kuelewa," alisema. "Kwa hizi namba, alikuwa anaivuta kila siku, kwa wingi. Lakini uliniambia..."

Ningeweza kunyamaza. Karatasi ilikuwa imemsafisha Lidia, imemponya Pankras, na hakuna mtu aliyekuwa ananidai neno. Lakini mlango wa kile chumba ulikuwa wazi na upepo ulikuwa unatoka huko, nikaona daktari anainua pua.

"Nilikudanganya," nikasema. "Alikuwa analala juu ya kahawa. Magunia kumi na nane, yote yana kuvu, na nilijua. Nilijua tangu Septemba. Othmar alikuwa kwenye benchi, nikaogopa isinunuliwe. Na kumlaza humo nilisema mimi."

Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia ndiyo, angeondoka na dawa siku ile." Akaviweka vidonge kwenye jiwe la uani, akawasha pikipiki, akaondoka. Pankras akaingia jikoni akafunga mlango.

Tukabaki mimi na mama Tereza. Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mama, nipige. Nitukane. Waambie kwenu Ngumbo waje wachome nyumba." Nilitaka sana anipige.

Alikuwa anakunja nguo za mwanaye, moja moja, bila haraka. "Oktoba alipokuwa kwangu," alisema, "alikuwa anapumua kama msichana. Nikamwambia, mwanangu, baki hapa hadi hiyo kahawa iuzwe, hicho chumba ndicho kinachokuua. Alijua. Akasema, mama, nisiporudi watamlaza wifi mle ndani."

"Mimi?"

"Wewe. Nikamwambia, na alale, si anakutesa kila siku? Akasema, ananigombeza ndiyo, lakini kule ni yeye peke yake anayenisemesha."

Akaendelea kukunja. Mimi nililia kwa sauti pale pale uani, na hakuna mtu aliyekuja kunishika.